Injini Tatu, Giaboksi Mbili, Gari Moja

Muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, mwalimu wetu wa usimamizi wa ghala alitupa kazi ya likizo: nenda mahali popote penye stoo, hesabu vilivyomo, vipange kulingana na vinavyotoka, kisha mshauri mwenye stoo. Wenzangu walikwenda kwenye maduka ya dawa na bohari za saruji. Mimi ilikuwa Desemba 2022, niko nyumbani Uru kwa Krismasi kama Wachaga wote, na mfukoni sina nauli ya kuzunguka Moshi mjini kuomba vibali. Nikahesabu banda la babu.

Orodha ilikuwa hivi. Injini za petroli, lita 2.25: tatu. Giaboksi: mbili. Ekseli shafti: tisa. Difu: moja. Kabureta: nne, moja haina kifuniko. Stata: mbili. Magari yanayohudumiwa na ghala hili: moja.

Darasani tulifundishwa kugawa vitu katika makundi matatu: vinavyotembea haraka, vinavyotembea polepole, na visivyotembea. Mbele ya karibu kila mstari niliandika "havitembei". Ushauri wangu ulikuwa mfupi: viuzwe, kwa sababu mali iliyolala ghalani ni fedha iliyolala, na inakula nafasi. Nilipata 17 kati ya 20. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: "Huyu mwenye ghala ana matatizo gani?" Nilicheka sana. Nilipiga picha ukurasa ule nikawarushia binamu zangu kwenye kundi letu la WhatsApp, nao wakacheka.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, la mwaka 1973. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu, lakini chesisi ni ya chuma na imechomelewa mara nyingi kiasi kwamba babu husema chesisi ya kwanza ilishakwenda mbinguni, hii ni mtoto wake. Ndani lina mikono mitatu. Mmoja mrefu, wa gia za kawaida. Wa pili mfupi, wenye kirungu cha njano, unaoamsha magurudumu ya mbele. Wa tatu una kirungu chekundu, ule wa kushusha mwendo na kuongeza nguvu pale mlima unapokuwa ukuta. Nilizijua rangi hizo kabla sijaona taa za barabarani.

Sisi tunakaa Uru Shimbwe, juu, karibu na msitu. Kiangazi, Noah zinafika. Masika yakianza, ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, Noah zinaishia chini na bodaboda wanapandisha bei, halafu nao wanaacha. Kinachobaki ni miguu, na Land Rover ya babu.

Banda liko nyuma ya jiko, ukuta mmoja na zizi la ng'ombe. Injini zimekaa juu ya magogo ili zisiguse udongo, kila moja imefunikwa turubai. Matundu ya hewa yamezibwa kwa matambara. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tangu nikiwa darasa la pili, nilikuwa msaidizi wa babu humo ndani. Anafungua plagi nne, anatia oili kidogo katika kila tundu, kisha anachukua hendeli, ile ile inayolala nyuma ya kiti cha gari kwa ajili ya siku betri ikigoma, anaichomeka mbele ya injini na kuizungusha. Mizunguko kumi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa sauti. Akimaliza anarudisha plagi, anafunika, tunahamia ya pili.

"Injini ikilala inaganda," aliniambia. "Pistoni inashikana na ukuta. Siku unayoihitaji ndiyo siku inayokukataa."

Kati ya zile tatu, moja aliipenda kuliko nyingine. Injini za zamani za Land Rover hizi zina beringi kuu tatu zinazoshika krenkishafti. Kuanzia 1980 kiwanda kilianza kuweka tano, na krenki ikawa imara zaidi. Babu ana moja ya beringi tano, na aliiweka mwisho kabisa wa banda, mbali na mlango, kama ng'ombe mwenye mimba. Kwenye orodha yangu zote zilikuwa mstari mmoja: injini, tatu.

Novemba 2023 babu alianguka kwenye mfongo, mfereji wa maji unaopita juu ya kihamba chetu, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka 80. Ukoo ulichanga. Baba yangu alichanga kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya ada yangu ya mwaka wa pili, na hakuna aliyehitaji kunieleza, ningefanya hivyohivyo. Niliuza simu yangu, nikanunua ndogo. Nilikopa kwa rafiki. Siku tatu kabla ya usajili kufungwa bado nilipungukiwa laki mbili.

Ningependa kusema wazo lilikuwa la baba mdogo. Halikuwa lake. Mimi ndiye nilikuwa na orodha.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipanda na pikapu asubuhi. Nilimwonyesha giaboksi iliyokuwa karibu na mlango, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuibeba. Baba mdogo alisita. Aliniuliza, "Hatumwambii mzee kwanza?" Nikamjibu mzee yuko wodini, ana maumivu, tusimsumbue kwa mambo ya vyuma. Yule bwana alikuwa na heshima, aliniita dada, akanieleza bei mbili tofauti, ya chuma na ya aluminiamu. Kasha la giaboksi ni aluminiamu, na hiyo ndiyo aliyoitaka, inayeyushwa kutengenezea sufuria. Ili apime kila kitu peke yake ilibidi alipasue. Alitoa nyundo kubwa akalipasua palepale, uani.

Oili ilimwagika juu ya nyasi. Ndani gia zilikuwa zinang'aa. Meno yake yalikuwa makali, hayana hata mkwaruzo, na nakumbuka nilishangaa kidogo tu: mbona ni mpya? Kisha nikahesabu fedha. Laki moja na themanini elfu. Ile elfu ishirini iliyobaki aliniongezea baba mdogo. Nilisajiliwa siku ya mwisho, saa tisa mchana.

Masika ya 2024 yalikuwa makali nchi nzima, na kwetu mvua ilinyesha usiku na mchana. Nilikuwa nimerudi Uru kukusanya takwimu za tasnifu, kuhusu jinsi pembejeo za kahawa zinavyowafikia wakulima kupitia vyama vya msingi. Babu alikuwa amesharudi, anatembea kwa fimbo mbili, na baba mdogo ndiye aliyekuwa anaendesha. Wiki ya kwanza ya Aprili gia ya pili ilianza kuruka. Unateremka mlima, umeachia mafuta, mkono unachomoka wenyewe na gari linabaki huru. Ni ugonjwa unaojulikana wa giaboksi hizi zikizeeka. Baba mdogo alikuwa anaushika mkono kwa goti. Siku ya tano, pale kwenye kona ya juu ya daraja, tulisikia mlio kama jiwe limeingia kwenye mashine ya kusaga, na gari likasimama. Ng'ombe wawili walilivuta hadi nyumbani.

Babu alikuwa amekaa barazani, amejifunika blanketi. Alimsikiliza baba mdogo hadi mwisho, akauliza maswali mawili kuhusu mlio, kisha akatikisa kichwa kama daktari.

"Sawa. Muiteni fundi. Mwambieni aje atoe hii, aweke ile ya mlangoni."

Baba mdogo alinitazama. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa. Niliiweka chini.

"Babu, ile niliiuza."

"Kwa fundi gani?"

"Kwa mtu wa vyuma chakavu. Ulipokuwa hospitali. Kwa ajili ya ada."

Alikaa kimya. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha akauliza, "Aliipima?"

"Aliipima."

"Kilo ngapi?"

Sikuweza kukumbuka. Hilo ndilo lililoniumiza, sijui kwa nini. Nilikumbuka bei na saa niliyosajiliwa, lakini kilo sikuzikumbuka. Babu akaomba chai.

Siku mbili baadaye, kabla fundi hajapata njia ya kupanda, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu saa nne usiku. Mumewe alikuja kugonga kama wanavyogonga watu wote wa upande ule wa mlima tangu kabla sijazaliwa. Baba mdogo akamwambia gari limekufa. Wanaume sita walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakapitisha miti miwili chini yake, wakateremka naye kwenye tope hadi ilipoweza kufika teksi. Mimi nilikwenda mbele na tochi. Ilichukua karibu saa mbili. Mara mbili waliteleza na mara moja kiti kiligusa chini, na sauti aliyoitoa pale ninaijua bado. Alifika KCMC, mtoto akazaliwa salama, wa kike. Watu walilaumu mvua na barabara. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu wanaojua tulikuwa watatu.

Niliporudi alfajiri, bibi alikuwa macho. Hakusema neno. Alitoka hadi mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akanipa. Kwa Wachaga, ukimpelekea mtu sale unamwomba msamaha, na aliyepelekewa hakatai. Nilimpelekea babu mikono miwili, nimepiga magoti, na tope likiwa bado limenikauka miguuni. Alilipokea. Akaniambia nikae. Ndipo aliponihadithia kuhusu kile nilichokiuza.

Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazili, na mwaka uliofuata bei ya kahawa duniani ikapanda kuliko wakati wowote ambao wakulima wa Kilimanjaro waliwahi kuuona. Kwa fedha za kahawa hiyo babu alinunua Land Rover, mwishoni mwa 1976, kutoka kwa meneja wa shamba moja kule chini. Alikuwa na miaka 33. Spea zake zilikuwa zinatoka Nairobi. Unaagiza Jumatatu, Alhamisi ipo Moshi.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Nairobi iliyokuwa karibu kuliko Dar es Salaam ikawa mbali kama Ulaya. Ikafuata vita ya Kagera, na fedha za kigeni zikakosekana. Giaboksi ya babu ilivunjika meno mwaka 1979. Alipata nyingine kwenye mnada wa misheni, lakini ya toleo la nyuma, Series II. Akaifunga, na nyumba yake ya klachi pamoja, gari likaenda, ila halikuwa lilelile. Akaanza kuitafuta ya kwake.

Iliingia vipandevipande, kupitia Rombo. Kule watu wana ndugu pande zote mbili za mpaka, na kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anapita kwa miguu usiku na beseni la maharage. Chini ya maharage siku moja kulikuwa na shafti. Mwezi mwingine gia mbili. Mwezi mwingine hakuja kabisa, babu akadhani ameshikwa, kumbe alikuwa amejifungua. Kasha lilikuja mwisho, kwenye lori la mbao. Miaka miwili na zaidi. Aliiunganisha mwenyewe bandani kwa taa ya koroboi, kila kitu kipya, akamaliza mwaka 1982.

Kisha ikaja 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Kuwa na mali nyingi ndani bila maelezo ilikuwa hatari. Watu walitupa bidhaa usiku, mitoni na vichakani. Babu alikuwa na giaboksi mpya ya magendo kwenye banda. Aliijaza oili hadi juu, akaiziba, akaifunga turubai mara tatu, akaizika kwenye kihamba, chini ya migomba. Bibi ndiye aliyekuwa anamulika. Novemba ya mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa. Mwaka uliofuata aliifukua, ilikuwa nzima. Biashara ilipolegezwa alipata spea halali, akatengeneza ile ya kwanza ya gari na kuirudisha mahali pake. Ya misheni ikaenda bandani. Ya Rombo ikawekwa mlangoni.

"Ukaiweka miaka arobaini bila kuitumia," nilisema. Sikuwa ninabishana, nilikuwa ninajaribu kuelewa.

"Niliiweka kwa ajili ya siku watakayofunga tena."

Nilifikiria yale tuliyosoma darasani. Toyota, waliofundisha dunia kuleta kitu saa ileile kinapohitajika ili ghala libaki tupu. Meli ya Ever Given, Machi 2021, ilivyokwama Suez siku sita na viwanda vikaanza kuhesabu walichonacho stoo. Tulilisoma lile kama tukio la ajabu. Babu yangu alikuwa amelisubiri maisha yake yote, lije tena.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alilisema bila hasira, kama anayerekebisha hesabu.

"Ungeniuliza, ningekuuzia mwenyewe. Mjukuu ni zaidi ya giaboksi. Lakini ningekuuzia ile nyingine."

Kwenye orodha yangu iliyopata 17 kulikuwa na mstari mmoja: giaboksi, mbili. Sikujua kwamba ni vitu viwili tofauti. Sikuuliza, kwa sababu nilidhani kuhesabu kunatosha.

Fundi alifika Ijumaa, mzee wa Majengo ambaye naye anakaribia miaka 70, mfuko wa spana mgongoni. Giaboksi za Land Rover hizi hutolewa kwa juu, kupitia ndani. Unang'oa viti, unang'oa sakafu, unafunga cheni, unainua. Alikaa siku mbili, mimi nikimulika na kumpa spana. Akafunga ile ya misheni, na nyumba yake ya klachi, kama babu alivyofanya 1979. Kila alipokwama alimwita babu, naye anakuja na fimbo zake mbili, anachungulia, anasema neno moja, fundi anaitikia "ehee" na kuendelea. Niliwatazama, nikaona kitu ambacho hakimo kwenye orodha yoyote: wote wawili ni wazee, na hakuna aliyewekwa akiba yao.

Gari sasa linatembea, lakini limebadilika tabia. Series III ina sinkromeshi kwenye gia zote nne. Hii ya zamani inayo kwenye ya tatu na ya nne tu. Ukitaka kurudi ya pili mlimani lazima ukanyage klachi mara mbili: unakanyaga, unatoa gia, unaachia, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena, unaingiza. Ukikosea inakutukana hadharani. Baba mdogo hana subira nayo. Kwa hiyo babu akanifundisha mimi, yeye kiti cha pembeni, fimbo katikati ya magoti, jani la isale limechomekwa juu ya kioo, limeshakauka. "Sikiliza," ananiambia. "Usilazimishe. Isikilize, itakuambia." Ilinichukua wiki tatu. Mwezi Juni nilimteremsha kliniki mwenyewe, na tukarudi na mke wa jirani na mtoto wake, wametoka chanjo. Alinishukuru kwa ile tochi. Nilishindwa kumjibu vizuri.

Sijui kama ningefanya tofauti. Ile laki moja na themanini ndiyo iliyonibakisha chuoni. Tasnifu nimeiwasilisha. Kusema kwamba najuta kabisa ungekuwa uongo, na kusema kwamba sijuti ungekuwa mkubwa zaidi.

Orodha nimeiandika upya, si ya kusahihishwa. Kila injini ina mstari wake, imetoka wapi, mwaka gani, ina beringi ngapi, inagoma wapi. Nimeongeza safu moja mwishoni: nani anajua. Kwenye mistari mingi kuna jina la babu peke yake, na kila nikirudi nyumbani nakaa naye barazani na daftari hadi mstari mmoja upate jina la pili.

Sasa hivi natafuta kazi Dar es Salaam. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, binamu yangu wa darasa la sita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake ng'ombe analia na babu anakohoa.

"Dada, tumemaliza. Zote tatu, kumi kumi. Babu anauliza, ile ya beringi tano umeandika iligharimu nini? Anasema ukija, anakuambia."